Za Sote

Rehema alifika kwangu Nangwa siku ya Jumanne, nikiwa uani napeta ngano. Alisimama langoni amekumbatia bahasha ya kaki kwa mikono miwili, kama mtu aliyetumwa kioo cha dirisha. Nilidhani ni mmoja wa wale vijana wa miradi wanaokuja kuandikisha kaya. "Shikamoo mama," akasema. "Wewe ndiye Mwalimu Paskalina?" Nikaitikia marahaba, nikamwuliza anatoka wapi, maana Kiswahili chake kilikuwa cha pwani, maneno yanateleza. "Nimehamishiwa Katesh, mimi ni muuguzi. Lakini kwetu Tanga. Mama yangu alikuwa anaitwa Zaituni." Nililisikia lile "alikuwa" kabla ya kulisikia jina. Niliweka ungo chini nikaketi kwenye kigoda, na kuku wakaja wakala ngano mbele ya miguu yangu, nisiwafukuze.

Ndani ya bahasha mlikuwa na santuri moja ndogo, katika mfuko wake wa karatasi ya hudhurungi uliochanika kona. Niliijua ile kona kabla hajaitoa yote. Juu ya karatasi, kwa wino uliofifia, mwandiko wa Zaituni ulioinama kushoto kama mtu anayetembea dhidi ya upepo: *Hii si yangu. Mrudishieni Musiki.* Rehema akasema walizikuta santuri kwenye sanduku la mama yake, hii peke yake ndiyo iliyoandikwa. "Tulimwuliza Musiki ni nani, wakati bado anaweza kusema. Akacheka. Akasema ni mwalimu wa Kiswahili, yuko Hanang, kaulizeni watu wa Nangwa." Halafu akatazama mikono yake. "Mama alifukuzwa shule huku Mbulu. Babu alikuwa anasema ni kwa ajili ya santuri za kihuni. Mama mwenyewe hakusema kitu. Mimi sikuja kugombana na mtu, mama. Nataka kujua tu. Zilikuwa zake?"

"Ngoja kwanza nichemshe chai," nikamwambia.

Chai ile ilichemka muda mrefu sana. Niliacha kuni zijiwakie, nikaingia chumba cha ndani, nikavuta sanduku la bati chini ya kitanda. Nimekuwa mtu wa kuandika kwa sababu nilikuwa mtu wa kunyamaza. Yale ambayo wasichana wengine waliyasema njiani kutoka shule, mimi niliyabeba mpaka nyumbani nikayaweka kwenye daftari. Ninayo madaftari hayo mpaka leo. La Kidato cha Tatu lina jalada jekundu na nyuma yake jedwali la kuzidisha. Chini yake kuna daftari jingine, jembamba zaidi, ambalo halikuwa langu na ambalo hakuna mtu mwingine aliye hai aliyelisoma. Niliyatoa yote mawili nikayaweka mapajani, nikasikia Rehema huko uani anawafukuza kuku wangu kwa adabu, "Shii, shii jamani," kama mtu anayezungumza na wagonjwa.

Mwaka ule niliishi mjini Mbulu kwa shangazi yangu, aliyekuwa akifua mashuka ya hospitali. Chumba changu kilikuwa stoo. Mahindi ya mbegu yalining'inia juu ya kitanda, na kibuyu cha maziwa kilisimama pembeni kikitoa harufu ya moshi na ya kitu kilichochacha vizuri. Asubuhi ukungu uliingia kwa dirisha lisilo na kioo, ukakaa ndani kama mgeni asiyejua muda wa kuondoka. Tulikula ugali na maziwa ya mgando, siku za sikukuu makande yenye nyama. Shangazi hakuwa mtu wa maneno, nami nilimshukuru kwa hilo. Nchi ndiyo ilikuwa na maneno mengi mwaka ule. Redio ya jirani ilisema ujamaa, bango la ukumbi lilisema ujamaa, mwalimu wa siasa aliandika ujamaa ubaoni akapiga mstari chini mpaka chaki ikakatika. Kila watu watano waliokutana walikuwa na mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Hata akina mama waliosuka vikapu nyuma ya kanisa walikuwa na agenda.

Zaituni aliingia darasani kwetu muhula wa kwanza, binti wa Bwana Afya aliyehamishiwa kutoka Tanga. Alikuwa na sketi iliyokaa juu ya goti kwa vidole viwili na kicheko kilichomtangulia mlangoni. Aliketi nami kwa sababu dawati langu ndilo lililokuwa na nafasi, na nafasi ilikuwepo kwa sababu mimi sikuwa na rafiki. "Unaitwa nani, mwenzangu?" Nikamwambia. "Mimi Zaituni." Nikasema, "Karibu, Saituni." Akageuka kunitazama vizuri, nikajua nimeshajulikana.

Sisi Wairaqw wa kizazi changu, hiyo herufi hatukuzaliwa nayo. Kinywani mwetu zawadi ilikuwa sawadi, na zamani ilikuwa samani. Katika kuandika sikukosea hata mara moja. Nilikuwa wa kwanza darasani kwa insha. Lakini nilipofungua mdomo, herufi ile ilitoka bila sauti, kama betri iliyokwisha. Mwalimu wa Kiswahili aliniambia mara nyingi nirudie, wenzangu wakacheka, nikajifunza kuchagua maneno yasiyo nayo. Nilikuwa nasema "vyema" badala ya "vizuri". Zaituni aligundua ujanja huo kwa wiki moja tu.

Basi akanifundisha. Kwao palikuwa nyumba ya serikali, sakafu ya saruji nyekundu iliyosuguliwa mpaka unaona kivuli chako. Mama yake alipika wali wa nazi. Nazi zenyewe zilisafiri kwa lori kutoka Tanga ndani ya gunia, na mara ya kwanza kuiona moja mezani nilidhani ni fuvu la mnyama, nikalisema hilo, wakacheka wote nami nikacheka, ndiyo mara pekee niliyofurahia kuchekwa. Baada ya chakula Zaituni alinikalisha kwenye mkeka wa chumbani kwake, akachukua kidole changu akakiweka kooni kwangu. "Sema ssss. Unasikia kitu?" Hakuna. "Sasa weka nyuki humo. Zzzz." Akakichukua kidole changu kingine akakiweka kwenye koo lake yeye, na kweli mlikuwa na nyuki. "Hivyo tu. S ni upepo, Z ni nyuki." Ilinichukua miezi. Nami kwa malipo nilijaribu kumfundisha kutamka jina la kabila letu, na lile kohozi dogo la mwisho lilimshinda mpaka mwaka unakwisha. Alisema "Iraku" kama anayeomba radhi.

Siku moja tukiwa kwenye mkeka nilisikia baba yake ng'ambo ya pazia akimwambia mama yake, "Wakipata sababu nyingine, safari hii hawatanihamisha tu. Na sababu yenyewe ninailea humu ndani, na sahani zake za santuri." Mama yake akasema, "Mtoto huyo, baba. Muziki tu." Zaituni alisikia nami nilisikia. Akanyoosha mkono akapunguza sauti ya gramafoni iliyokuwa ikipiga karibu nasi. Usiku huo niliandika katika daftari jekundu maneno hayo yote kama yalivyosemwa. Nilikuwa na tabia hiyo, ya kuhifadhi yasiyo yangu.

Klabu ilianzishwa na Fidelis, kijana wa Endagikot tuliyesoma naye, mrefu, mwenye suruali ya kubana mpaka akiketi unasikia uzi unalalamika. Binamu yake wa Arusha alikuwa amemwandikia barua kwamba Ulaya kuna vijana wa kisasa wanaoitwa modi, wanavaa tai nyembamba, wanapanda pikipiki ndogo, na wana klabu zao za muziki. Fidelis akajishonea tai kwa kitambaa cha mwavuli mbovu. Pikipiki tuliyokuwa nayo karibu ni ya padri, na haikuwa ndogo. Lakini Jumamosi alasiri tuliruhusiwa kutumia chumba cha nyuma cha ukumbi wa maendeleo, tukajiita Klabu ya Kisasa, watu kumi na mmoja. Zaituni alileta gramafoni yake. Mawe ya betri ya gramafoni yakichoka, tuliyaanika juani dirishani yakapata uhai wa nyimbo mbili zaidi. Mimi walinichagua kuwa katibu kwa kuwa nina mwandiko, na kwa kuwa katibu hasemi.

Nilijua kuandika kumbukumbu za kikao. Waliohudhuria, wasiohudhuria, yatokanayo, mengineyo. Klabu ya kucheza dansi, na tulikuwa na mengineyo! Lakini vita vyetu vya kweli vilikuwa juu ya jambo moja. Nusu yetu tulikuwa watu wa rumba. Tuliisikia redioni tangu utotoni, magitaa yale yanayozungumza kama akina mama wawili juu ya ua. Kaka yangu aliyekuwa akiendesha trekta kwenye mashamba ya ngano huku Hanang aliniletea santuri moja ya rumba, ndogo, nyeusi, kitu cha thamani kuliko vyote nilivyokuwa navyo, na mimi sikuwa hata na cha kuipigia. Nusu nyingine, Zaituni akiwa kichwa, walikuwa watu wa soli, muziki wa Wamarekani weusi, wenye ngoma ya kupiga kifuani na mwimbaji anayelia kama amefiwa na anafurahia.

"Ndugu Mwenyekiti, naomba kutoa hoja," Zaituni alisema katika kikao cha mwezi wa sita. "Rumba ni muziki wa wazee wanaosubiri supu."

"Soli tunayoijua sisi hapa ni ya kiatu," Fidelis akamjibu, "na yako imetoboka."

"Angalau inatembea."

"Rumba ni ya Waafrika," mwingine akadakia. "Hiyo nyingine ni ya wageni."

"Wageni gani? Umeona picha zao? Weusi kuliko wewe!"

"Basi ni Waafrika waliopotelea mbali."

"Na wewe umepotelea karibu."

Nina kikao hicho chote hapa. Fidelis, aliyekuwa amesikiliza sana mikutano ya watu wazima, ndiye aliyeleta suluhu. Akasema tatizo si muziki, tatizo ni umiliki: kila mtu anasema "yangu, yangu". Hatuwezi kuwa watu wa kisasa halafu tukawa mabepari wa santuri. Tuziweke zote katika sanduku moja, tupige moja ya huku na moja ya kule. Tulipiga makofi kwa kweli, hakuna aliyetania. Zaituni aliweka zake tisa. Mimi nikaweka yangu moja. Wengine wakaongeza nne. Nikaandika: *Azimio la tatu. Kuanzia leo santuri zote ni za sote.* Zaituni akasoma juu ya bega langu, akashika mdomo. "Paska! Hiyo ndiyo sentensi yako. Isome." Nikasoma polepole, kidole kooni, nyuki akaingia na kutoka mahali pake, santuri zote ni za sote, na klabu nzima ikanishangilia kama nimefunga goli.

Najiuliza kwa nini sikubaki na siku hiyo. Ilinitosha. Kama Mungu angenipa nafasi ya kuukata mwaka ule kwa mkasi, ningeukata hapo.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa zamu ya rumba kuanza, na santuri ya kwanza ni yangu. Nilikuwa nimevaa gauni la kitenge la shangazi, nimelipunguza mwenyewe. Zaituni akapanda juu ya benchi, akashika chupa ya soda kama kipaza sauti. "Mabibi na mabwana! Sasa tunawaletea musiki! Musiki wa samani, kutoka kwa Katibu wetu mpensi, Ndugu Paskalina!" Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Fidelis aliketi chini. Ilikuwa sauti yangu hasa, alikuwa nayo yote, na ni mimi niliyempa nikiwa kwenye mkeka wake. Santuri yangu haikufika hata katikati. Mtu mmoja akainua sindano, akaweka ya soli, wakacheza. Kuanzia siku hiyo jina langu likawa Musiki. Jioni Zaituni alikuja kwa shangazi na chapati mbili ndani ya kitambaa, zikiwa bado za moto. "Usinune bwana, nilikuwa natania. Mbona na mimi huwa unanicheka na Iraku yangu?" Nikageukia ukuta. Akaziweka chapati juu ya gunia, akaondoka. Nilizila. Halafu nikaandika, na nakala iko hapa mbele yangu: *Leo wamenicheka. Natamani Bwana Afya apate uhamisho.*

Haikupita wiki mbili. Lilisomwa tangazo paredi asubuhi kwamba mavazi ya kubana na muziki wa kihuni wa kigeni havitakubalika kwa vijana wa taifa linalojenga ujamaa. Wavulana walipangwa mstari mmoja, chupa ya soda ikadondoshwa ndani ya kiuno cha suruali. Isipotokea chini kwenye kifundo cha mguu, suruali inachanwa. Chupa ya Fidelis iligoma kwenye paja. Tulimcheka yeye pia, naye akacheka, akaenda nyumbani miguu ikipepea. Siku hiyohiyo vijana wa chama walifungua sanduku kwenye chumba cha nyuma. Nilipata habari saa nne. Nilikimbia ukumbini kupitia nyuma, santuri zilikuwa zimeshachukuliwa, lakini daftari la kumbukumbu lilikuwa juu ya rafu ambako nililiacha. Nikalisukuma ndani ya sweta, nikalibana na mkanda wa sketi. Nilipotoka tu mlangoni nikaambiwa naitwa na Mwalimu Lukasi.

Mwalimu Lukasi alikuwa mwalimu wa nidhamu, na sitaki kumsema vibaya. Alikuwa mtu wa haki kwa namna yake. Santuri zilikuwa zimepangwa mezani kwake kama vitabu vya kusahihishwa. Niliiona kona iliyochanika ya yangu, ya tatu kutoka juu. "Keti, binti," akasema. "Wewe sina shida na wewe. Wewe ni msichana mtulivu. Nitakuambia wazi mambo yalivyo. Kama vitu hivi ni vya kikundi, basi ni kosa la kikundi. Mtapigwa viboko kila mmoja, mtafyeka nyasi mpaka muhula uishe, yataisha. Kama ni vya mtu mmoja anayewapotosha wenzake, huyo hatuwezi kukaa naye. Umeelewa?"

"Nimeelewa, mwalimu."

"Nasikia mlikuwa mnaandika vikao."

"Hapana, mwalimu." Daftari lilinikwaruza tumbo nilipovuta pumzi.

"Haya. Hizi ni za nani? Ni za Zaituni?"

Nataka niandike hapa jambo moja kwa haki, hata kama halinisaidii. Jibu langu la kwanza lilikuwa la kweli. Nilikuwa naogopa, na nilipoogopa nyuki aliruka akaenda zake, nikarudi kwenye kinywa nilichozaliwa nacho. Nilisema, "Sa sote."

Akainamisha sikio. "Zote?"

Nikaitazama santuri ya tatu kutoka juu.

"Sema vizuri, usiogope. Unataka kusema zote? Hizi zote ni za Zaituni?" Na aliongea kwa upole, kama mwalimu anayemsaidia mtoto na neno gumu. Hapo ndipo mahali penyewe. Kwa miaka mingi nilijisimulia kwamba mwalimu alisikia vibaya, kwamba ni matamshi yetu, kwamba lawama ni ya herufi. Lakini mimi nilikuwepo. Nilikuwa na muda. Nilisikia viatu vya mtu vikipita varandani, nikavisikia mpaka vikaisha. Niliona benchi, na chupa ya soda mdomoni, na Fidelis ameketi chini anacheka. Kisha nikapeleka ulimi mahali pake, kama nilivyofundishwa, na koo langu likatetemeka.

"Zote," nikasema.

Ilitoka safi. Haijawahi kutoka safi vile. Mwalimu Lukasi akatabasamu, nadhani ni kwa ajili ya matamshi, akaandika.

Wengine walipoitwa walikuta jibu limeshaandikwa. "Kama alivyosema Katibu," Fidelis alisema, na wote baada yake. Hakuna aliyepigwa kiboko hata kimoja. Zaituni alipewa barua siku ya tatu. Santuri alirudishiwa baba yake, kumi na nne, kwa kuwa ilishaamuliwa kwamba ni zake, na yangu ikiwa ndani. Sikuidai. Ningeidai vipi? Mwezi ule Bwana Afya akapata uhamisho kurudi pwani, kama nilivyotamani kwa maandishi. Nilikwenda kuwaaga, au nilikwenda mpaka kwenye ua wa minyaa, nikasimama upande wa nje. Magodoro yalikuwa yamefungwa juu ya lori. Mama yake alikuwa anampa jirani nazi mbili za mwisho. Zaituni alikuwa mbele, karibu na dirisha, na lori lilipogeuka aliniona. Hakupunga mkono. Aliinua kidole akakigusa kooni. Labda alikuwa anarekebisha ushungi. Nimelipima tendo hilo kwa kila namna, asubuhi na jioni, na bado sijui.

Mimi nilimaliza Kidato cha Nne. Nilikwenda chuo cha ualimu. Miaka thelathini nimewafundisha watoto wa Nangwa na Gendabi Kiswahili, na kila mwaka darasa la kwanza nimewaweka vidole kooni, wa wakulima na wa wafugaji pamoja, nikawaambia S ni upepo, Z ni nyuki. Wazazi walinisifu kwa mbinu hiyo. Afisa elimu mmoja aliiandika kwenye kitabu chake, akaniuliza nimeitoa wapi. Nikamwambia nimeibuni. Nilijua Zaituni hakurudi shule, habari zilinifikia kwa watumishi waliohamishwa huku na huko. Nilijua aliolewa mapema. Barua nilianza mara nyingi. Zimo humu ndani ya sanduku, zote zinaishia kwenye salamu.

Nilimpelekea Rehema chai. Ilikuwa imechemka mpaka imekuwa nyeusi chini ya maziwa. Alipokea kwa mikono miwili, akapuliza, akaniangalia juu ya kikombe kwa macho ya mama yake. Santuri ilikuwa kwenye kigoda kati yetu. Alisubiri. Wauguzi wanajua kusubiri.

"Uliniuliza zilikuwa za nani," nikasema.

"Ndiyo, mama."

"Sa sote." Kwa uzee wangu huu, kwa kazi yangu yote, ndivyo ilivyotoka.

Rehema aliinamisha sikio. "Zote? Zilikuwa za mama zote?"

"Hapana," nikasema. "Sote. Kwa S. Sisi sote. Hii hapa ilikuwa yangu, na ni mimi niliyeulizwa na mwalimu wa nidhamu, na ni mimi niliyesema zote." Nikalifungua daftari jembamba kwenye ukurasa wake, nikamgeuzia. Alisoma azimio la tatu akifuata kwa kidole. Alisoma majina kumi na moja chini yake, akafika kwa la mama yake, akasimama hapo. Nje kuku walikuwa wamerudi kwenye ungo.

"Hili daftari," akasema taratibu. "Siku ile aliyokuuliza mwalimu, lilikuwepo?"

"Lilikuwepo."

"Lilikuwa wapi?"

Niliweka kiganja hapa, tumboni, juu kidogo ya mkanda, mahali lilipokuwa, na Rehema akaweka kikombe chini akautazama mkono wangu, kama muuguzi anavyotazama mgonjwa anapomwonyesha panapouma.